Pembe ya Moto ya Bi Pilnyo

"Ondoka hapo, Mama Dukho. Hapo ni pangu."

Bi Pilnyo alisema hivyo akiwa bado mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, siku ya tatu baada ya kijiji cha Bamgol kumaliza kutia kabichi za baridi kwenye mitungi. Ndani ya ukumbi wa wazee wanawake watano walikuwa wameketi sakafuni, karata za maua zimetandazwa kwenye blanketi katikati yao. Mama Dukho, mwenyekiti wa wanawake wazee, alikuwa amejikita kwenye pembe ya moto, miguu kainyoosha, utadhani alizaliwa hapo.

Pembe ya moto ni moja tu katika chumba. Iko kwenye ukuta wa ndani, mbali na mlango, pale ambapo joto la chini ya sakafu hufika kwanza likitoka kwenye boila, jiko la kuchemshia maji ya mabomba. Hapo huketi mkubwa kuliko wote. Wengine hufuatana kwa umri, na mdogo kabisa hukaa mlangoni, anapigwa na upepo na kutumwa kahawa. Miaka kumi na mitano pembe ya ukumbi ule ilikuwa ya bibi mmoja wa nyumba ya juu, naye alifariki mwisho wa kiangazi akiwa na miaka tisini na minne. Sasa ilikuwa wazi.

"Pako tangu lini?" Mama Dukho aliuliza bila kuinua macho kwenye karata zake.

"Tangu siku tuliyotoka kumzika bibi. Mimi ni wa mwaka wa nyani, wewe wa mwaka wa jogoo. Nyani alitangulia, hata mtoto wa chekechea anajua."

"Kitambulisho chako kinasema mwaka wa mbwa, na mbwa yuko nyuma ya jogoo."

"Kitambulisho aliandika karani. Karani alikuwepo mama yangu akinizaa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mama Dukho hakucheka. Aliingiza mkono kwenye kibeti, akatoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya blanketi kati ya karata na kukigonga kwa ukucha. "Changu hiki hapa, jogoo. Weka na chako, Mama Byongtae, tujue nani dada wa nani."

Bi Pilnyo, ambaye kijijini aliitwa Mama Byongtae kwa jina la mwanawe, hakuweka. Kusoma hakujua sana, lakini tarakimu alizijua, na tarakimu za kitambulisho chake zilikuwa zimemtesa maisha yote. Kabla yake mama yake alizaa watoto watatu, na wote walikufa kabla ya kutambaa. Kwa hiyo alipozaliwa yeye, tena wa kike, baba aliona hakuna haja ya kuvuka mlima mzima kwenda kumwandikisha mtoto ambaye labda hatafika mwaka. Alisubiri. Mtoto alipotimiza miaka miwili akawa anakula kuliko mbwa wa nyumbani, ndipo baba akaenda, na karani akaandika kwamba amezaliwa mwaka ule ule. Hata jina Pilnyo baba alilitoa kwa nia yake mwenyewe: binti huyu awe wa mwisho, anayefuata awe wa kiume. Wazee wa zamani walikuwa hivyo, nani angewauliza.

"Siketi mlangoni," alisema Bi Pilnyo.

"Basi keti katikati, nani amekukataza?"

"Wala katikati siketi. Sikilizeni nyote." Akaweka mikono kiunoni, kiatu kimoja bado mkononi. "Siku ya usiku mrefu kuliko wote wa mwaka, uji wa maharage mekundu mtakuja kunywa kwangu. Mtakaa kwenye baraza langu la vioo, juu ya sakafu ya moto, na mtaona kwa macho yenu nani anaketi pembeni."

Hapo hata Mama Dukho alicheka. "Baraza lile? Mimi nikitaka kabichi zangu zigande nitakuletea uniwekee huko!"

"Nitatia moto chini yake."

"Na ukishindwa?"

Bi Pilnyo alikuwa mtu wa kusema kwanza. "Nikishindwa nitarudi hapa, nitaketi mlangoni pa Mama Sora, nitachemsha kahawa, na wewe nitakuita dada mkubwa mpaka siku ya kufa."

Mama Sora, ambaye kwa miaka yake sabini na mmoja ndiye aliyekuwa msichana wa ukumbi, akapiga makofi. "Shindwa tu, tafadhali! Magoti yangu yamekwisha kwa kuinuka!"

Bi Pilnyo akavaa kiatu chake, akashika kigari chake cha kusukuma, kile kilichombeba mjukuu wake miaka ishirini iliyopita, na sasa kinamshikilia yeye kiuno kisimwangushe, akateremka nyumbani. Njia nzima mashavu yalimwaka, na si kwa hasira peke yake. Alikuwa anaona sakafu. Aliiona imekwisha tandikwa, laini, inang'aa, inatoa joto.

Watu wa mjini watasema, ugomvi wote huo wa mahali pa kuweka makalio? Watu wa mjini wana joto kila pembe ya nyumba, hawajui. Bi Pilnyo alilelewa upande wa baridi wa sakafu. Pembe ya moto ilikuwa ya baba, kisha ya kaka mdogo aliyekuja kuzaliwa kweli baada yake. Usiku wa baridi maji ya kunywa yaliganda kwenye bakuli kando ya kichwa chake, na kaka yake alilala anatoka jasho. Alipotimiza miaka kumi na tisa akaolewa Bamgol, na huko mama mkwe aliketi pembe ya moto mpaka alipokufa na miaka tisini na mitatu. Ni Bi Pilnyo aliyechochea kuni miaka yote hiyo, alfajiri na jioni, na ni yeye aliyelala karibu na mlango. Mumewe akaugua, naye mgonjwa ndiye wa kulazwa penye joto. Walipomzika mume, watoto walikwisha kwenda mjini, na chumba cha ndani kikawa chake peke yake. Aliketi pembe ya moto siku ya kwanza, akatazama kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu wa kumwona. Pembe ya moto bila watu ni sakafu tu.

Alimpigia simu mwanawe.

"Byongtae, nataka mabomba ya moto barazani."

"Mama, baraza ni vioo pande tatu! Ni kama kupasha joto uwanja wa mpira. Kwani chumba cha ndani kina nini?"

"Chumba cha ndani kinatosha watu watatu na wote wawe wembamba. Mimi nina wageni."

"Wageni gani?"

"Utawaona siku ya kunizika. Nipe namba ya yule fundi aliyeweka boila."

Fundi Pyo alikuja na gari lake dogo la mizigo, mwanamume wa miaka hamsini na nane mwenye penseli sikioni na sauti kubwa. Alitaka kuanza Alhamisi. Bi Pilnyo akakataa katakata: Alhamisi ilikuwa tarehe saba ya mwezi mwandamo, na siku hiyo mashetani ya dira yanazunguka upande wa kaskazini, ukigusa nyumba yanagusa na wewe. Siku salama zilikuwa ya tisa na ya kumi, yanaporudi juu mbinguni.

"Mama, mimi ya tisa nina kazi kwa mtu."

"Mwambie huyo mtu afanye Alhamisi, mashetani yamfuate yeye."

Akaja ya tisa. Waling'oa mbao za zamani za baraza, zile alizozipiga deki kwa magoti zaidi ya miaka hamsini, na Bi Pilnyo akazirundika nyuma ya nyumba bila hata kuzitazama mara mbili. Chini ya mbao palikuwa na udongo, kijiko kimoja chenye kutu na meno ya kitana. Fundi Pyo alisawazisha, akamwaga kokoto, akatandaza mbao nyepesi za povu zenye karatasi ya kung'aa ili joto lisizame ardhini, juu yake wavu wa chuma. Kisha akateremsha garini bomba refu la plastiki lililoviringishwa kama nyoka aliyeshiba.

Bi Pilnyo hakuweza kutulia. Kila jambo aliuliza, kila kifaa alikishika. Hili la nini? Na hili? Maji yanatoka boila la kuni, yanapita huku, yanazunguka, yanarudi? Yakirudi yanakuwa yamepoa? Kwa hiyo yanapoingia ndipo penye moto kuliko kote?

"Umeelewa, mama. Ndiyo maana nitaanzia kwenye vioo. Joto lote linakimbilia kwenye kioo. Kule mabomba yabanane, huku ukutani yaachane kidogo, na chumba kizima kitakuwa sawa sawa."

"Sawa sawa?" Bi Pilnyo alishtuka utadhani ameambiwa nyumba haina paa. "Nani amekuambia nataka sawa sawa? Pembe ya moto itakuwa wapi?"

"Siku hizi pembe ya moto hakuna, mama. Mabomba ya kisasa, kote kuna joto."

"Kote kukiwa na joto, mkubwa atajulikanaje?"

Fundi Pyo alikuna kichwa kwa penseli. "Kwa mvi?"

"Wote wana mvi! Anzia ukutani, pale. Bananisha pale. Kwenye kioo watakaa wadogo, wadogo damu yao bado inachemka."

"Wadogo wa miaka mingapi?"

"Sabini na mmoja."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini; kuanzia ukutani alikubali, kubananisha huko alikataa. Akasema yeye ana jina lake, na mchana ule ule akaanza kulaza bomba kwa kipimo cha shibiri moja kila mahali, upande wa ukutani kwanza, akisema atabananisha kwenye kioo mwishoni. Bi Pilnyo akageuka, akaenda jikoni. Waliomjua wangeogopa mwendo ule.

Saa nane alileta kitafunio cha mafundi, maana mtu hafanyi kazi kwenye nyumba yako tumbo tupu: maziwa ya maharage yaliyogandishwa na kukatwa vipande vipande, kabichi mpya yenye pilipili, na pombe ya mchele kwenye birika la bati. Kwa kawaida fundi humiminiwa bakuli mbili. Fundi Pyo alimiminiwa tano.

"Mama, inatosha."

"Mwanangu, baridi hii! Kunywa, mgongo upate nguvu."

Baada ya ile ya tano Fundi Pyo alisema atajinyoosha dakika tano kwenye jua, kando ya mitungi. Alipoanza kukoroma, Bi Pilnyo alifunga kitambaa kichwani, akapiga magoti kwenye wavu wa chuma, akakata vifungo vya ile kona ya ukutani na kuanza upya. Miaka sitini alikuwa amefunga miti ya maharage na pilipili kwa waya. Mikono yake ilijua kazi hiyo kuliko macho. Akazungusha bomba kona ile kama nyumba ya konokono, vidole vitatu kati ya duara na duara, akifunga, akivuta kutoka kwenye roli la bomba, akifunga. Moyo ulimwenda mbio kama wa msichana anayeiba mapera. Akawa anacheka peke yake. Kila duara aliloongeza alilipa mtu: hili la kaka yangu, hili la mama mkwe, hili la karani.

Fundi Pyo aliamka, akatazama, akafikicha macho.

"Mama! Nani kafanya hivi?"

"Wewe. Si ulikunywa?"

"Mimi?" Akakimbilia kwenye roli, akapima bomba lililobaki kwa mikono yake. Uso ukamshuka. "Kwenye vioo nitapata mistari miwili tu. Miwili! Watu watakaa huko kama wamekaa kwenye barafu."

"Fumua basi, kama hupendi."

"Nikifumua litakunjika, likikunjika limekufa, na roli jingine ni wiki mbili." Akaitazama kona ile tena, safari hii polepole, akishika waya moja baada ya nyingine. "Umefunga vizuri, lakini. Kuliko kijana wangu wa kazi." Akavuta pumzi. "Nakuambia mapema, mama. Pembe hiyo ukiichochea sana utakaangia samaki."

"Nitakuletea kichwa chake."

Alijaza maji, akapiga pampu mpaka mshale wa kipimo ukapanda, wakaketi wote wawili wakiukodolea macho nusu saa. Mshale haukushuka. Hakuna panapovuja. Siku ya kumi walimwaga mchanga na saruji, Fundi Pyo akausawazisha kwa ubao mrefu akirudi kinyumenyume hadi mlangoni, na sakafu ikawa kama uso wa bwawa lisilo na upepo. Bi Pilnyo alisimama nje ya kioo akipumulia kioo na kukifuta, kukipumulia na kukifuta.

"Siku ishirini na moja, usiwashe," alisema fundi akipanda garini. "Saruji ikipikwa mbichi inapasuka. Unasikia, mama? Ishirini na moja."

Alihesabu kwa punje za maharage, anatoa moja kila asubuhi anaitia kwenye bakuli. Theluji ilipoanza kuanguka aliifunika sakafu kwa magodoro yote ya wageni na mablanketi ya mahari yake, isigande kabla haijakauka. Yeye akalala na koti. Wanawake wakipita barabarani kwenda ukumbini walisimama na vigari vyao.

"Mama Byongtae, mgonjwa wako anaendeleaje?"

"Ameshalala, msimpigie kelele!"

"Mama Dukho anasema siku ya usiku mrefu ataleta koti mbili."

"Mwambie alete na upepeo!"

Maharage yalipokwisha, akatandika kapeti la plastiki la rangi ya asali, akawasha kuni kidogo tu, vijiti vitatu, kwa kujaribu. Kisha akaingia barazani kwa soksi. Mwanzo hakuna kitu. Akatembea. Akasimama. Akapiga magoti akalaza shavu sakafuni kwenye ile kona, kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani, na joto likamjia. Lilikuja kwa chini, taratibu, likamwingia shavuni, begani, likashuka ubavuni. Bi Pilnyo alilala pale chali, katikati ya mchana, mikono na miguu kaitawanya, akapiga yowe moja la furaha hadi kuku wakatawanyika.

Lakini upande wa vioo ulikuwa vuguvugu tu. Aliugusa kwa kiganja, akafikiri. Mgeni hawezi kukaa pa vuguvugu, hiyo ni aibu ya mwenye nyumba. Akaamua kwamba siku yenyewe atachochea kwa nguvu, joto lifike hadi kule kwa wadogo.

Siku ya usiku mrefu ilikucha haina hata wingu. Bi Pilnyo alijaza boila magogo ya mwaloni tangu alfajiri, gogo juu ya gogo, akaweka sufuria ya uji mekoni, akafinyanga vidonge vyeupe vya unga wa mchele vya kutia ndani, akavaa sweta ya zambarau. Saa tatu alikuwa ameketi kwenye pembe yake, mgongo ukutani, anangoja.

Kipaza sauti cha kijiji kikakohoa juu ya nguzo.

"Habari za asubuhi, wanakijiji. Mwenyekiti wa wanawake wazee anawatangazia kwamba uji wa leo utanywewa ukumbini, saa tano kamili. Ukumbini, saa tano kamili. Msikose."

Bi Pilnyo aliinua macho kwenye ile nguzo. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwaalika, kwa miguu yake hii, na kila mtu alisema "tutaona". Yeye kipaza sauti hakuwa nacho. Saa nne, hakuna mtu. Saa nne na nusu, hakuna mtu. Mlangoni pa ukumbi, akaanza kuwaza, pana upepo wa namna gani?

Ndipo akasikia gurudumu linalolia. Mama Sora alikuwa anaingia uani, kigari chake kimebeba mfuko wa machungwa madogo.

"Kule natumwa," alisema akivua viatu. "Kwako nitatumwa?"

"Utatumwa."

"Haya. Angalau huku kuna jua." Akaingia, akaketi kwenye vioo, mahali pake pa mdogo. Akatulia. Akaweka viganja sakafuni. Akavua koti. Baada ya muda akavua na sweta ya juu. "Mama Byongtae," akasema kwa sauti ndogo, "hapa ni kama mgongoni pa mama."

Na hivyo ndivyo kioo kilivyo, mtu wa barabarani anaona kila kitu. Mama Ilsun alikuwa anapita kwenda ukumbini, kajifunga shali mpaka puani, akamwona Mama Sora ndani anamenya chungwa kwa mikono mitupu, miguu ya soksi imenyooshwa juani. Kigari kikageuka. Nyuma yake wengine wawili, nao wakageuka. Kabla ya saa tano kulikuwa na vigari vinne uani, wanawake wanne wamejipanga kwenye vioo wameduwaa kwa raha, na kelele zao zilisikika hadi mtoni. Jua la siku ile, lilivyo chini, lilikuwa limeingia mpaka katikati ya baraza, na ule upande wa mabomba mawili ulikuwa umepata joto la chini na la juu.

"Mama Byongtae, sogea huku juani!"

"Hapa panatosha," alisema Bi Pilnyo.

Hapakutosha. Palizidi. Magogo ya mwaloni yalikuwa yameshika, na yale maduara ya vidole vitatu yalikuwa yanachemka chini yake. Alihama tako la kulia, akahamia la kushoto. Jasho lilimtiririka ndani ya sweta ya zambarau. Alikunja mkeka mdogo akaukalia, dakika mbili baadaye mkeka nao ukawa moto. Lakini ataondokaje? Alikuwa amengoja pembe hiyo tangu mwaka wa nyani.

Mama Dukho alifika saa tano na robo, peke yake, sufuria ya uji wa ukumbi imefungwa kwa kamba kwenye kigari. Hakuna mtu aliyekwenda kwake. Alisimama mlangoni. Pua yake ilikuwa nyekundu kwa baridi na mikono ilikuwa inamtetemeka, labda kwa kusukuma sufuria, labda kwa jambo jingine. Alitazama pale karibu na mlango, palipokuwa wazi. Akatazama katikati. Hakujua aketi wapi. Miaka yote Bi Pilnyo hakuwahi kumwona Mama Dukho hajui.

Bi Pilnyo alikuwa ameandaa maneno. Alikuwa ameyasema kwa kuku wiki nzima: baba yangu, karani, mlima, nyani na jogoo. Akafungua kinywa, na mambo mawili yakamjia kwa pamoja, ile mikono inayotetemeka na moto wa chini yake, naye mwenyewe hakujua ni lipi lililomsukuma zaidi.

"Dada," alisema, akainuka. "Njoo uketi pembe ya moto."

Chungwa lilimdondoka Mama Sora.

Mama Dukho alivuka baraza polepole, kichwa juu, akashika ukuta, akaketi. Uso wake ulilainika wote. "Aah," alisema. "Aaah." Akahama tako la kulia. Akahamia la kushoto.

"Pana joto?" aliuliza Bi Pilnyo, ambaye sasa alikuwa amesimama dirishani anajipepea kwa kiganja.

"Pazuri."

"Si pamezidi?"

"Hapajazidi. Mimi si mtoto." Jasho lilianza kumtoka kwenye paji la uso. Akavua koti. Akavua shali. Akanyanyua goti moja, kisha la pili, akawa amechuchumaa kama mtu aliye kisimani. Harufu ya plastiki ikaanza kuja, tamu tamu, na wanawake wanne wa kwenye vioo wakawa wanatazamana, mabega yanatikisika.

"Mama Byongtae," Mama Dukho alisema hatimaye, akikwaruza koo.

"Naam, dada."

"Nimefikiri. Kitambulisho ni kitu cha karani." Aliinuka kwa haraka ambayo mwanamke wa umri wake hapaswi kuwa nayo. "Wewe ndiye wa mwaka wa nyani. Keti mahali pako, dada mkubwa. Mimi mdogo nitakaa huku kwenye kioo."

"La, la, dada, nimeshakupa."

"Nami nimekurudishia, dada!"

"Haiwezekani, dada, mgeni haondolewi!"

"Dada mkubwa, usinipe dhambi!"

Wakawa wanasukumana pale katikati kwa heshima kubwa, kila mmoja anamvuta mwenzake kuelekea ile kona, wanaitana dada, dada, hadi Mama Ilsun akalala chini kwa kicheko na Mama Sora akasema amejikojolea kidogo. Kati ya wale wawili, Bi Pilnyo ndiye aliyeanza kucheka. Lilimtoka tumboni, cheko la kupiga ukelele, akamshika Mama Dukho mkono ili asianguke, na Mama Dukho naye akacheka, na kumbe alikuwa hana meno mawili ya mbele, hakuna aliyewahi kuona.

Sufuria mbili za uji, ya ukumbi na ya nyumbani, zikawekwa kwenye pembe ya moto zisipoe. Wanawake sita wakajipanga juani wamegusana mabega. Mama Sora alitumwa bakuli, akaenda huku analalamika. Wakanywa uji, wakatandaza blanketi, karata zikatolewa.

"Anayeanza ni mkubwa," alisema Mama Ilsun, mchokozi yule.

Bi Pilnyo na Mama Dukho wakatazamana kwa pembe ya jicho.

"Gawa, Mama Dukho," alisema Bi Pilnyo. "Mikono yako imeshapata joto."

Mama Dukho akachanganya karata. Nje gogo jingine la mwaloni lilikatika ndani ya boila, na sufuria kwenye pembe zikaanza kutoa mvuke zenyewe.

"Kesho unafungua saa ngapi?" Mama Dukho aliuliza bila kuinua macho.

"Njooni baada ya kulisha kuku," alisema Bi Pilnyo. "Nitachochea vijiti vitatu tu."